Faini ya Kirangozi

Maneno aliyosema Batuli jukwaani kwa msimu karibu mzima yalikuwa mawili tu. La kwanza, "Karibuni." La pili, "Maskini." Na hata hayo hakupewa siku moja. "Karibuni" aliisema siku ya Saba Saba, kwenye mchezo wa mkulima mvivu, halafu akakaa weee mpaka Septemba ndiyo akapewa "Maskini", kwenye ule mchezo wa nyimbo wa wakulima wa tumbaku. Tena akaambiwa aiseme akiwa kawapa watu mgongo, eti akigeuka watamwangalia yeye badala ya Tekla anayeimba.

Sasa sikia kazi alizofanya. Mwaka wenyewe ni sabini na moja, Uhuru unatimiza miaka kumi, na Kikundi cha Michezo cha Mshikamano, hapo Tabora mjini, kilipanga michezo minne kuanzia Julai mpaka tarehe tisa Disemba. Batuli Lukumani alikuwa fundi cherehani wa Isevya, mjane, miaka arobaini na moja, cherehani yake kibarazani. Nguo za michezo yote minne kashona yeye. Gauni la bibi harusi, kanzu za wazee, suruali ya bepari yenye tumbo la pamba ndani, zote yeye. Sanduku la hizo nguo kabeba yeye. Na watu wakisahau maneno, nani anawanong'oneza kutoka nyuma ya pazia? Yeye. Na hajui kusoma, hilo nalo ulijue. Kwenye kisomo cha watu wazima ndiyo kwanza alikuwa anapigana na herufi. Ila mchezo ukisomwa mara moja mbele yake unaingia kichwani wote, wa wanaume na wa wanawake, mpaka pale palipoandikwa "anakohoa".

Mtu wa namna hiyo unampa maneno mawili.

Aliyekuwa anagawa maneno ni Mwalimu Wenceslaus. Kijana wa Kiluguru, kwao Morogoro, kasomea mambo ya michezo Dar es Salaam, kaletwa kufundisha kikundi. Mrefu, mwembamba, miwani mizito kama kitako cha chupa. Akiivua hatofautishi mbuzi na baiskeli. Hakuwa mtu wa roho mbaya, tuseme ukweli. Ila alikuwa na ule ugonjwa wa kuwaita watu wote "ndugu", halafu ndugu wengine ndio wa kutumwa maji.

"Ndugu Batuli, rudi nyuma kidogo."

"Nyuma wapi, Mwalimu? Hapa nimegusa ukuta."

"Basi baki hapohapo. Ila usionekane."

Batuli anabaki. Akirudi nyumbani anakanyaga cherehani mpaka sindano inakatika.

Mchezo wa nne ndio ulikuwa mkubwa, wa siku yenyewe ya Uhuru. Uliitwa Msafara. Unahusu zile safari za zamani, wapagazi wa Kinyamwezi wanatoka hapa na pembe za ndovu mabegani wanakwenda Bagamoyo kwa miguu, miezi mitatu njiani, halafu mwishoni ule msafara wa tabu unageuka kuwa msafara wa Uhuru. Mwalimu kauandika mwenyewe, na kauandika vizuri, hakuna ubishi. Shida ikaja kwa kirangozi. Kirangozi ndiye kiongozi wa njia. Anatangulia mbele ya wote, kavaa joho jekundu, kichwani ngozi ya mbega, na mkononi ana baragumu la pembe. Akipuliza kwa kurefusha, watu wanatembea. Akipuliza kwa kukata, wanatua mizigo.

Nafasi hiyo akapewa Abbasi, fundi bati wa sokoni, kwa sababu ana kifua. Baragumu likaazimwa kwa Batuli. Babu yake Lukumani, ndiye aliyemlea, alikuwa kirangozi wa kweli kweli, na pembe yake ilikuwa bado inaning'inia ukutani pale Isevya. Abbasi akavuta pumzi, akapuliza. Ikatoka sauti ya mbuzi aliyebanwa na mlango. Mwalimu akasema lete hapa, akapuliza yeye. Yakatoka mate.

"Umefanya vizuri, Mwalimu," Abbasi akasema. "Lilikuwa na kiu."

Batuli akatoka kule ukutani kwake, akalifuta kwa upindo wa khanga, akapuliza. Njiwa wote waliokuwa kwenye paa la ukumbi wakaondoka.

Mwalimu akafuta miwani. "Sawa, lakini mwanamke hawezi kuwa kirangozi. Historia hairuhusu."

Tekla, yule mwimbaji, binti wa wakulima wa kule Kipalapala, mdomo wake haukuwa na kufuli. "Mwezi wa saba ulituimbisha kwamba mwanamume na mwanamke ni sawa, Mwalimu. Au ule wimbo ulikuwa wa mwezi wa saba tu?"

Watu wakacheka, na kwa hilo cheko Batuli akawa kirangozi.

Wiki sita akawafundisha wapagazi ishirini. Wiki nne za mwanzo zilikuwa za Ramadhani, kafunga, midomo imekauka kama udongo wa kiangazi, na bado anapuliza. Aliwafundisha kuhamisha mzigo kutoka bega hadi bega bila kusimama. Aliwafundisha kutua: sauti ile ya kukata ikilia, ishirini wanatua pamoja, pu, na hakuna anayeinua mguu mpaka ilie tena. Joho akalishona kwa kitambaa chekundu kizito, mikono mipana, mfuko kwa ndani upande wa moyo, kama la babu. Hakuomba hata asante. Alichotaka ni kimoja tu: siku hiyo, mbele ya mji mzima, atangulie. Babu yake alitangulia miaka ishirini na mbili, na hakuna karatasi yoyote duniani yenye jina lake. Wenye pembe majina yao yameandikwa. Walionunua pembe wameandikwa. Aliyeijua njia, hola.

Siku tatu kabla ya mchezo, Jumatatu, Mwalimu akaja kafurahi, kashika mwenge. Abbasi ndiye aliyeutengeneza kwa bati, na ndani una utambi na mafuta ya taa. Mwalimu akasema kapata mwisho mpya. Msafara ukifika katikati ya uwanja, yeye anatoka upande wa pazia akiwa Msimulizi, anapita mbele na mwenge, na kuanzia hapo wote wanamfuata yeye.

"Mbele ya nani?" Batuli akauliza.

"Mbele ya wote, ndugu."

"Hata mbele yangu?"

"Wewe si mmoja wa hao wote?"

Batuli akamweleza, na akamweleza kwa adabu. Akasema, Mwalimu, njiani hakuna anayempita kirangozi. Ni mwiko wa safari. Anayepita anatozwa faini. Kirangozi anamchukulia kitu chake, zamani ilikuwa mshale kutoka kwenye podo lake, ili jioni kambini asije akakana, na pale mbele ya watu anakikomboa. Akamweleza na ile ya tajiri. Tajiri mwenye mali yote, pembe sabini, kapanda punda, karibu na Tura kachoka na mwendo wa pole, akampita Lukumani. Lukumani akasimamisha watu wote, akamvua kiatu. Tajiri akafoka, unajua mali hii ya nani? Lukumani akamjibu, "Mali ni yako, njia ni yangu." Tajiri akaingia kambini na mguu mmoja peku, na mbuzi akatoa.

Mwalimu alisikiliza hadithi yote. Alicheka pale pa kucheka. Halafu akasema, "Nzuri sana hiyo, tutaiweka mwakani. Haya, tuanze, mimi natokea hapa."

Akapita mbele. Batuli akasema moyoni hiyo moja. Jumanne akapita tena. Batuli akasimama, akamwambia mbele ya watu, "Mwalimu, umepita mara mbili." Akajibiwa kwamba mambo ya mwiko ni ya kizamani, nchi inajenga fikra mpya. Sasa hapo ndipo Batuli alipowaka. Zamani inafaa kuvaliwa, inafaa kuimbwa, inafaa kuwafurahisha wageni kwenye viti, lakini ikisema "usipite hapa" inakuwa ya kizamani. Jumatano, mazoezi ya mwisho, akapita mara ya tatu.

"Kesho ukipita nakutoza," Batuli akamwambia.

"Mshale?" Mwalimu akacheka. "Sina hata upinde, ndugu."

"Kitu chako chochote kitanitosha."

Alhamisi, tarehe tisa, alasiri. Mvua ilinyesha asubuhi, uwanja wa mbele ya ukumbi ulikuwa na tope jekundu, lakini watu walijaa mpaka wengine wakapanda juu ya ukuta. Wageni wa heshima wamekaa chini ya turubai. Kwa nyuma, wamesimama wazee wa mjini na bakora zao, wengi wao wajukuu wa wapagazi, na hicho ndicho kitu ambacho Mwalimu Wenceslaus hakukijua. Alidhani anawaonyesha Tabora hadithi mpya.

Baragumu likalia. Msafara ukaingia. Batuli mbele, joho jekundu, mbega kichwani, shingo imenyooka, na nyuma yake Abbasi anapiga ngoma, kisha wapagazi ishirini na magunia ya pumba na pembe za mbao. Tekla akaimba, wakamwitikia. Wale wazee wa nyuma wakaacha kuongea. Mmoja akavua kofia. Watu wanasema Batuli alionekana mrefu kuliko siku zote, na joho lilikuwa la urefu uleule.

Wakafika katikati. Mwalimu akatoka kwenye pazia mbio na mwenge wake, moshi mweusi unamfuata, akampita Batuli kwa kushoto kama vile anapita nguzo. "Tunasonga mbele," akapaza sauti, "tunasonga mbele, ndugu zangu, nifuateni."

Batuli akapuliza kwa kukata.

Pu. Mizigo ishirini topeni. Ngoma kimya. Hata mguu mmoja haukuinuka.

Mwalimu akasonga mbele peke yake. Akaenda hatua kumi, kumi na mbili, anawaita ndugu zake, mpaka akasikia watu wanacheka. Akageuka. Akawaona wamesimama kule, wamekunja mikono. Akarudi.

"Puliza," akanong'ona. "Puliza twende, unaniaibisha."

Batuli hakunong'ona. Alikuwa kanong'ona msimu mzima. "Nani kampita kirangozi?"

Hayo hayakuwepo kwenye mchezo. Abbasi akaangalia juu, kama anatafuta mvua. Lakini kule nyuma mzee mmoja akajibu, pole pole, kama mtu anayeitika dua, "Atozwe." Na mwingine, "Atozwe." Wakawa kumi. Batuli akanyoosha mkono, akamvua Mwalimu miwani kwa vidole viwili, hivi unavyotoa nzi kwenye chai, akaitia mfuko wa ndani, upande wa moyo.

"Utaikomboa kambini," akasema. "Mchezo ni wako, njia ni yangu."

Akapuliza kwa kurefusha. Msafara ukainua mizigo, ukampita Mwalimu, mmoja mmoja, na yeye kasimama na mwenge anapepesa macho, hajui pazia liko wapi na turubai liko wapi. Wa mwisho kwenye mstari akamwonea huruma. "Shika gunia langu, Mwalimu, unifuate. Angalia usiniunguze."

Basi Mwenge wa Uhuru ukatoka uwanjani ukiwa mkiani, umeshikwa na mtu kashika gunia la pumba.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Yangeishia hapo Batuli angelala usingizi. Wageni wa heshima walisimama wakapiga makofi. Mmoja akamshika Mwalimu mkono, akamsifu kwa ule ubunifu wa mwisho, mwenge kuwa nyuma ukiwaangaza waliotangulia, na ile ya kiongozi kutozwa na wananchi, fundisho kubwa sana. Na Mwalimu Wenceslaus, haoni hata anayemshika mkono ni nani, akasema, "Asante, ndugu. Nilifikiri sana kabla ya kuuandika."

Batuli alikuwa hatua tatu kutoka hapo, kashika sanduku la nguo.

Nilifikiri sana. Haya.

Jumamosi kamati ya kikundi ikakaa, maana kesho yake walikuwa wanapanda treni kupeleka Msafara Igalula. Mwalimu alitaka mambo mawili: miwani yake, na Batuli aondolewe. Siku ya pili hiyo hana macho, goti moja limechubuka, na asubuhi alikuwa kamwamkia Abbasi "Shikamoo, Bi Mkubwa." Mwenyekiti, Mzee Omari, alikuwa mtu wa amani mno, yule anayependa kila kitu kiishe kabla ya chai kupoa. Akakohoa, akatabasamu.

"Sasa nyie mnagombana nini? Mwalimu ni Mluguru. Batuli ni Mnyamwezi. Hawa si watani tangu enzi na enzi? Mtani akichukua kachukua, hakasirikiwi. Bibi kafanya utani. Mrudishie mtani wako miwani, Mwalimu cheka, tumalize."

Njia nzuri, eti. Mwalimu mwenyewe akaanza kucheka kidogo, kaona mlango. Na Batuli angeweza kupita mlango huohuo, akabaki kikundini, akawa kirangozi kesho yake bila kelele. Utani ni ngao. Watani wamechukuliana ng'ombe mpaka msibani, wakacheka.

"Mimi sikufanya utani, Mzee," Batuli akasema.

"Batuli."

"Shikamoo yako iko palepale, Mzee wangu, lakini sikutania. Nikikubali ni utani, basi babu yangu naye alikuwa anatania miaka ishirini na mbili. Na mwiko ulikuwa utani, na tajiri aliingia kambini peku kwa utani. Nimerudishwa ukutani tangu Julai, sikusema. Nimesema 'Maskini' nimewapa watu mgongo, sikusema. Nimetozwa ukimya msimu mzima bila kumpita mtu. Huyu kampita kirangozi mara nne, tatu nimemwonya. Hiyo ni faini. Aitwe mtani akinilia kuku wangu, siyo hapa."

Mzee Omari akaangalia chai yake. "Faini yenyewe nini? Mbuzi?"

"Mbuzi wa nini? Kesho Igalula, kabla ya mchezo, asimame aseme kwa mdomo wake. Aseme kilichotokea Alhamisi hakukiandika yeye. Aseme kampita kirangozi ndiyo maana yuko nyuma. Na amtaje aliyetuachia sheria hiyo, kwa jina. Akimaliza, miwani yake hii hapa."

"Nipe basi niiandike," Mwalimu akasema kwa hasira, "nitaisoma."

"Utaisoma na macho gani?" Tekla akauliza.

Ndiyo hivyo. Ikabidi aishike kichwani. Jumapili ndani ya treni, kutoka Tabora mpaka Igalula, Tekla kakaa naye anamfundisha sentensi tatu, kama Batuli alivyoshika michezo minne. Batuli alikaa dirishani, baragumu mapajani, hakugeuka.

Igalula watu walikuwa wametoka kanisani na mashambani, wamejaa upande wa pili wa reli. Mwalimu akasimama mbele yao, anapepesa. Ya kwanza akaisema. Ya pili akaisema, watu wakaguna, wengine wakacheka. Ya tatu akaianza. "Na aliyetuachia sheria hii ni kirangozi wa zamani, aliyepita hapahapa na wapagazi wake, jina lake."

Akakwama.

"Jina lake," akasema tena.

Wote wakamgeukia Batuli. Abbasi, Tekla, wapagazi ishirini. Ndiye anayenong'oneza. Mtu akikwama sauti yake inakuja kutoka nyuma ya pazia, miezi sita ilikuwa hivyo, hata Mwalimu mwenyewe aliinamisha sikio upande wake bila kujijua. Batuli akafunga mdomo. Maneno ya mkulima mvivu alimpa mtu. Maneno ya bepari, ya bibi harusi, aliwapa bure. Jina la babu yake mtu alitafute mwenyewe.

Treni ikapiga honi, ikaondoka kuelekea Dar, ikaisha yote, mabehewa na moshi. Mwalimu kasimama. Jasho linamtoka. Ndipo likaja, na lilikuja kwa sauti ndogo, "Lukumani."

"Hatujasikia," mama mmoja mwenye jembe akasema.

"Lukumani," Mwalimu akasema kwa nguvu.

Batuli akaenda, akamwekea miwani mkononi. Tekla akamuuliza kwa chini kama sasa karidhika. "Nimerudishiwa changu," Batuli akajibu, "unataka nishukuru?" Akavaa ngozi ya mbega, akapuliza kwa kurefusha, akatangulia. Ngoma ikaingia, mizigo ikapanda mabegani, na Mwalimu alikuwa bado anafuta vioo kwa pindo la shati. Alipoivaa akaona vizuri, mgongo wa mpagazi wa mwisho ulikuwa ushamwacha hatua ishirini. Akawasha mwenge, akakimbia kuufuata.